Jina Lililokuja kwa Miguu

Ruiru, Jumapili, 3 Oktoba 1954

“Lugha ya mama ni ya jikoni. Inatosha kumwita mbuzi na kumfukuza kuku. Mtu mwenye shauri la maana, la sheria au la serikali, hana budi kulivua vazi hilo la ngozi mlangoni na kuvaa Kiswahili, au bora zaidi Kiingereza.”

Hivyo ndivyo alivyoandika Bwana Gerishon katika gazeti la wiki hii, na chini ya jina lake akatia cheo: Mkalimani, Thika. Barua hiyo nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimekaa, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Jikoni! Nani aliyemwambia kwamba jikoni hakuna mashauri? Jikoni ndiko binti anakoulizwa kama anamtaka kijana fulani. Jikoni ndiko inakoamuliwa mgonjwa apelekwe wapi na mbegu gani isiliwe hata njaa ikibisha hodi. Sheria isiyofika jikoni haijafika popote.

Gerishon ni Mkamba kama mimi, ila yeye misheni ilimchukua angali mtoto mdogo. Kiingereza chake ni kizuri na sioni wivu kusema hivyo. Lakini kudai kwamba Kikamba hakiwezi sheria! Kikamba kina kitenzi cha jambo la leo, kina cha jana, kina cha zamani. Shahidi akitamka tu kwamba ng'ombe aliibwa, kitenzi kimekwisha kukuambia kama kwato bado zina umande. Mimi niliyefundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kuja kusimamia meza za kahawa hapa Gatongora, najua ni maneno mangapi yanahitajika kuipata faida hiyo kwa lugha ya Malkia.

Wataniuliza: mbona basi unamtetea mama kwa Kiswahili? Kwa sababu majirani zangu ni watu wa kila upande, na sioni aibu kumtetea mama kwa kinywa cha dada yake. Mkamba husema, kyaa kimwe kiyuaa ndaa. Mkikuyu husema, kaara kamwe gatiuragaga ndaa. Mswahili husema, kidole kimoja hakivunji chawa. Watu waliorithi chawa mmoja hawawezi kuwa wageni.

Nitamjibu gazetini humo humo, kama nilivyozoea kuwajibu wengine. Kabla kahawa haijaisha mitini atakuwa anaomba amani.

Jumatano, 6 Oktoba

Mawingu matupu. Kahawa ya kwanza imepita mashineni. Jibu langu kwa Gerishon limefika ukurasa wa nne na bado sijamaliza salamu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wanawake wameanza kazi ya mezani: kuanika, kugeuza, kuondoa punje mbovu. Anayeongoza wimbo ni Mwongeli, mjane wa marehemu Jeconia, mtu wa Yatta, mashariki ya Thika. Wakamba humwita mwimbaji wa namna hiyo ngui. Hana sauti kubwa. Alicho nacho ni subira: hutupa mstari mmoja hewani, huuacha upoe, ndipo wenzake huudaka, na mikono yote hugeuza kahawa kwa pamoja. Meneja anadhani ni saa yake ya mfukoni inayoendesha kazi hapa. Tumwache na saa yake.

Leo aliniimba mimi. “Karani wetu ana vitabu vingi,” akasema wimboni, “vifungo vya shati ni vichache.” Meza nzima ikacheka. Kwetu aliyeimbwa haruhusiwi kukasirika. Hucheka, au hujibu kwa wimbo. Ni mahakama isiyo na jela. Nimetoka kushona kifungo sasa hivi.

Upande wa pili wa meza yuko Magdalene Nyawira, Mkikuyu, mmoja wa wachache walioruhusiwa kubaki shambani katika Hali hii ya Hatari, serikali inapowasaka Mau Mau miongoni mwa Wakikuyu. Mwongeli huimba kwa Kikamba, Nyawira huitikia kwa Kikuyu, na hakuna aliyeomba mkalimani. Mwongeli akisema mbua, Nyawira husema mbura, mimi nasema mvua, na sote tunatazama wingu lile lile linalotunyima.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mvua imeshuka kama iliyokuwa ikidaiwa. Tumefunika meza mara tatu. Mwongeli ameiimba pia, kwa kuchelewa kwake.

Alhamisi, 21 Oktoba

Mwongeli hakuimba leo.

Mwanawe Mbuvi, kijana wa miaka kumi na tisa, amekamatwa Thika katika msako. Kipande chake cha kitambulisho kilisombwa na mto Ruiru wiki iliyopita alipokuwa akivuka, na alikuwa akienda kuomba kingine. Walipozingirwa alikuwa na vijana wa Kikuyu anaofanya nao kazi ya uashi. Askari alimwuliza jambo kwa Kikuyu, naye kwa adabu akamjibu kwa Kikuyu. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza: sasa hawaamini kwamba ni Mkamba. Mwana wa Nyawira pia, Waweru, alikuwa katika kundi hilo hilo. Wote wamo ndani ya seng'enge ya kambi ya uchunguzi ya Thika.

Inasemekana baada ya wiki chache malori yatawachukua walio ndani kwenda kambi ya mbali, kwenye nchi ya joto, na anayekwenda huko hapewi tarehe ya kurudi. Njia ya kumtoa mtu ni moja. Mzazi aje mwenyewe, na kabla hajaonyeshwa mtu yeyote, atamke jina la mwanawe. Marafiki hawakubaliwi, karani kama mimi hakubaliwi. Wamechoka kudanganywa, wanasema. Baba yake Mbuvi amekufa. Amebaki mama.

Nilimwambia Mwongeli, “Hilo ni jambo jepesi, mwaitu, mama yetu. Kesho nitakusindikiza.” Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimeielewa.

Tulifika Thika asubuhi na kupanga foleni langoni, Nyawira mbele yetu. Ofisa wa Kizungu alikuwa ameketi chini ya bati, na kando yake, na tai shingoni, Gerishon mwenyewe. Aliniona. “Karibu, Bwana Urbanus. Leo umetuletea makala au mtu?”

Nyawira alitamka jina la mwanawe mara moja, wazi: Waweru. Waliandika, wakamwambia kwamba Mkikuyu husubiri habari. Akasogea pembeni na kusimama.

Kisha ikawa zamu ya Mwongeli.

“Jina la mwanao?” akauliza Gerishon, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama uzi wa fundi.

Mwongeli akainamisha macho. “Ni baba.”

“Sikukuuliza baba. Nimekuuliza mwana.”

“Ndiye huyo. Ni baba.”

Askari aliyekuwa langoni akaangua kicheko. “Mama, wewe nasema jina ya kijana, si ya mzee wako! Kijana naitwa nani?”

“Mimi humwita baba,” akasema Mwongeli polepole.

“Jina la ubatizo?” Gerishon akauliza.

“Atabatizwa Krismasi.”

Nikaruka foleni. Nikaeleza kwamba kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na kwamba mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake, hai au mfu, tangu siku anapoolewa hadi anapozikwa. Mwanawe akilibeba jina hilo, naye halitaji. Humwita baba. Ndiyo nthoni, ile heshima iliyo karibu na aibu, inayolinda nyumba isianguke.

Ofisa akauliza ninachopigia kelele ni nini. Gerishon akamjibu kwa Kiingereza, na mimi nilisikia kila neno: “Anasema mama huyu ana mila inayomzuia kujua jina la mwanawe.”

“Kujua!” nikafoka. “Nimesema kutaja!”

“Bwana Urbanus,” akasema Gerishon, “hapa si gazetini.”

Wakatutoa. Njiani kurudi, Nyawira, ambaye hana cheo langoni wala tai, alimshika Mwongeli mkono. “Ngai! Kwani huyo hakulelewa na mwanamke? Sisi pia tuna thoni. Mwanangu wa kwanza, Mungu amrehemu, sikumtaja hata siku tulipomzika. Huyu Waweru ni jina la babangu mzazi, ndiyo maana kinywa changu kinaweza.”

Thoni, nthoni. Mkikuyu ameelewa bila kuelezwa. Mkamba mwenye tai ametafsiri kila kitu na hakuelewa chochote.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mvua. Mwongeli hakuimba.

Jumanne, 26 Oktoba

Mvua. Hakuimba. Kazi imekuwa nzito. Mikono inagongana mezani. Meneja ameangalia saa yake mara nyingi.

Jumapili, 31 Oktoba

Baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwa Mwongeli, katika zile nyumba za safu za wafanyakazi, nikiwa nimeandaa hoja zangu. Nilimwambia Mungu hatamhesabia dhambi. Nilimwambia mila iliwekwa kwa ajili ya watu. Nilimwambia ni silabi mbili tu.

Aliendelea kuchambua maharagwe. “Mwalimu, si wewe unayeandika gazetini kwamba lugha yetu ni kubwa?”

“Ndimi.”

“Ukubwa wake uko wapi? Uko kwenye maneno tunayoyasema tu?”

Nikavuta kigoda nikaketi. 

“Nilipoolewa,” akasema, “sikujua kupika, sikujua kulima mchanga wa Yatta. Kitu kimoja nilijua: jina hilo silitaji. Wakwe zangu waliponiona nalizunguka, wakajua nimekuja kukaa. Mume wangu amekufa, nimeendelea kulizunguka, wakajua bado nipo. Leo niliseme mbele ya askari anayenicheka? Nitamtoa mwanangu. Halafu nitamrudisha kwenye nyumba gani?”

“Na malori yakija?”

Punje ya haragwe ilimponyoka. “Yakija,” akasema, na hakumaliza.

Niligundua njiani kwamba tangu kijana achukuliwe, kila anapolisimulia jambo hilo hutumia kitenzi cha leo. Wiki ya pili imeanza, na kwake Mbuvi amechukuliwa leo. Nimekuwa nikiisifu lugha hii kama mtu anayesifu ghala kwa kuhesabu magunia. Yeye anaishi ndani yake, na anajua ni nguzo gani isiyoguswa.

Alhamisi, 4 Novemba

Tumerudi Thika. Safari hii Mwongeli hakusema “baba” akaishia hapo. Alimsimulia mwanawe. Nasema nimesoma vitabu vingi, vya Waingereza na vya wengine, na sijakutana na maelezo ya mtu yaliyo safi kuliko hayo. Alisema ni yule aliyezaliwa mwaka nzige walipoficha jua, aliyelala ngozini bila kulia mpaka mvua ikanyesha. Mwenye kovu gotini la jembe la shangazi yake Ndila. Anayelala akiwa ameziba sikio moja kwa kiganja. Aliyechukua jina la yule ambaye ua wake uko karibu na mwamba mweupe, ambaye watu wa Yatta humwendea wanapogombania mbuzi. Kila sifa ilimfuata mwenyewe hatua kwa hatua, kama ndama nyuma ya ng'ombe, na mtu wa kwetu angejua ni nani kabla hajafika katikati.

Foleni nzima ilisogea karibu. Hata yule askari aliyecheka alikuwa amevua kofia.

“Anasema nini?” ofisa akauliza.

Gerishon akalegeza fundo la tai.  “Anatoa hadithi, Bwana. Jina hajalitaja.”

“Mwambie malori yanaondoka katikati ya mwezi.”

Akamwambia. Lakini alimwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, na Kikamba chake kilikuwa cha mtoto wa miaka sita.

Ijumaa, 5 Novemba

Mvua. Hakuimba.

Jumapili, 7 Novemba

Gerishon amekuja nyumbani kwangu, Gatongora, kwa baiskeli, matope mpaka magotini. Nilidhani amekuja kunishtaki kwa kelele nilizompigia langoni. Nilisimama mlangoni nikiwa tayari kwa vita.

“Nina swali moja,” akasema. “Huyo mama hamwiti mwanawe jina lake hata wakiwa peke yao?”

“Kamwe.”

“Hata akimpenda?”

“Bwana Gerishon, humwita baba. Mwanamke atampa nani jina kubwa kuliko hilo?”

Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Kisha akasimulia. Jina lake la nyumbani, kumbe, ni la babu yake. Misheni ilimchukua angali mdogo, na mamake alikufa kabla hajarudi. Anamkumbuka kidogo sana: moshi, kibuyu, na kwamba hakuwahi kumwita kwa jina. Watoto wengine wa kiambo waliitwa majina yao jioni waje kula. Yeye aliitwa asa. Huko misheni, mwalimu mmoja alimweleza kwamba mwanamke asiyejua jina la mtoto wake ni mshenzi asiye na upendo, naye akaamini, maana hakukuwa na mwingine wa kumwuliza.

“Asa,” akarudia. “Nilidhani ilikuwa kama kusema ‘wewe’.”

“Alikuwa akikuita baba yake,” nikasema.

Hakulia; yeye si mtu wa namna hiyo. Alitazama ukuta. Nilikuwa na kurasa kumi na moja za kumchinja nazo, zimepangwa mezani mbele yake. Nilizifunika kwa gazeti nikaenda kuchemsha chai.

Alipokuwa akiondoka aliniambia, “Ofisa hakubali mila. Anakubali jina. Siwezi kulisema mimi, nitafungwa. Tafuta njia.”

“Nawe?”

“Ukiipata, nitaitafsiri kama ilivyo. Kila neno.”

Jumanne, 9 Novemba

Mwongeli hakuja mezani.

Jumatano, 10 Novemba

Hakuja. Mlango wake una kufuli. Wanawake wananong'ona kwamba moyo umekata tamaa. Nyawira peke yake anageuza kahawa kimya na kusema, “Mtamwona.”

Ijumaa, 12 Novemba

Hakuja. Mvua usiku na mchana, kahawa inanuka. Meneja anataka kumwajiri mwingine mahali pake. Nimemwambia ana homa.

Jumatatu, 15 Novemba

Naandika haya kabla sijavua viatu vya matope.

Asubuhi Nyawira alinijia mbio: Mwongeli ameonekana njia ya Thika. Niliacha kahawa bila ruhusa. Niliwakuta upande wa mashariki wa mji, kando ya barabara ya Yatta, wakiwa watu watatu, na sitausahau mpangilio wao. Mbele alitembea mzee mwembamba mwenye blanketi na fimbo, akilaani matope. Katikati, wifi yake Mwongeli, Ndila. Nyuma kabisa, umbali wa kurusha jiwe, Mwongeli, amejifunika kitambaa mpaka kwenye nyusi.

“Ndila,” akapaza sauti mzee, “mwambie mke wa mwanangu aharakishe, mvua inarudi!”

Kila mtu alisikia, hata mbuzi wa upande wa pili wa barabara. Lakini Mwongeli, kwa nthoni ile ile isiyomruhusu kusemezana na mkwewe, alingoja mpaka Ndila akageuka na kumwambia, “Mzee anasema uharakishe, mvua inarudi.”

“Mwambie nimesikia.”

“Amesikia, baba.”

“Angefanyaje asisikie?” akanung'unika mzee.

Ndivyo walivyotoka Yatta. Walipanda lori la mizigo mpaka lilipokwama. Mzee mbele na dereva, Mwongeli nyuma kabisa juu ya magunia, Ndila katikati akibeba maneno kwenda na kurudi. Huyu ndiye Mbuvi mkubwa, baba mkwe, mwenye jina. Thika alikuwa hajaiona tangu siku za vita. “Mji wenu unanuka ngozi isiyooshwa,” aliniambia tuliposalimiana. “Nani anakaa hapa kwa hiari?”

Langoni malori yalikuwa yamekwisha kujipanga, turubai zimefungwa, injini za mawili zikinguruma. Ofisa alipomwona Mwongeli akapunga mkono kumfukuza. Gerishon akainuka. Alikuwa amevaa tai ile ile, lakini alisimama kama mtu anayesubiri kuitwa.

“Jina la mwanao?” akauliza. Safari hii kwa Kikamba.

Mwongeli aligeuza uso upande, asimtazame mkwewe, akasema kwa sauti ya ngui, ile anayoitupa hewani na kuiacha ipoe:

“Mliniomba jina. Mimi siwezi kulibeba. Nimekwenda kulileta lenyewe, kwa miguu yake. Liko hapa, limesimama. Liulizeni.”

Gerishon akatafsiri. Kila neno, kama alivyoahidi, hata miguu. Ofisa akainua kichwa. Gerishon hakungoja kuulizwa, akaendelea kwa Kiingereza kile kizuri ninachokisifu, akaeleza mwana wa kwanza na babu yake, akaeleza kinywa cha mke wa mwana, na mwishoni akasema, “Mimi mwenyewe, Bwana, ni mmoja wa watoto hao. Mama yangu hakuwahi kunitaja.”

Kwa mara ya kwanza ofisa alimtazama mkalimani wake kama mtu aliyezaliwa. Kisha akamwuliza mzee: “Wewe ni nani?”

“Mbuvi.”

“Na kijana?”

“Ni mimi.”

“Namaanisha aliye ndani.”

“Nimekuambia ni mimi,” akasema mzee kwa hasira. “Ndani ni mimi, nje ni mimi. Mkinipandisha kwenye gari hilo, nipandisheni wote wawili, sitaki kugawanyika uzeeni.”

Askari wakacheka, lakini kwa namna nyingine. Ofisa alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: alimtuma mtu ndani akamwulize kijana jina lake, la babu yake, na mahali ua wa babu yake ulipo. Jibu likarudi. Mbuvi. Mbuvi. Karibu na mwamba mweupe.

Wakamleta. Alikuwa amekonda, shati limepasuka begani. Kwetu babu na mjukuu aliyebeba jina lake ni marika. Hutaniana bila huruma. Mzee alimtazama toka juu mpaka chini. “Mwenzangu! Kumbe nilikuwa na sura mbaya hivi ujanani? Na msichana yule niliyemwoa akanikubali?”

“Alikuonea huruma, mwenzangu,” akajibu kijana.

Hapo Mwongeli akasahau kitambaa, akasahau foleni. Akaita: “Baba!”

Wakaitika wawili.

Ofisa akamgeukia Gerishon. “Amesema nini?”

“Amewaita majina yao, Bwana,” akasema Gerishon.

Jumanne, 16 Novemba

Malori yaliondoka jana hiyo hiyo, alasiri. Waweru alikuwa katika la pili. Nyawira alisimama pembeni mwa lango mpaka alama za magurudumu zikajaa maji. “Mimi nililitaja,” aliniambia. “Wazi, mara ya kwanza. Haikunisaidia.”

Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake.

Jumapili, 21 Novemba

Jua. Wiki nzima tumeanua na kuanika. Siku ya Alhamisi Mwongeli aliimba.

Nilitarajia wimbo wa shangwe juu ya mwanawe. Jina hilo, bila shaka, hangeliweza. Alianza chini, akatupa mstari, akauacha upoe, na nikasikia: Waweru. Waweru wa Nyawira, aliyepelekwa kwenye joto, njia ya kurudi ni ile ile, mto Ruiru unakujua. Jina la mwana wa mwenzake kinywa chake kinaweza kulibeba, basi alilibeba, asubuhi yote, na meza nzima ililidaka, Kikamba upande huu, Kikuyu upande ule. Nyawira aligeuza kahawa huku machozi yakimdondoka kwenye punje. Hakuna aliyeziondoa.

Sasa tazama lugha ya jikoni. Katika msimu mmoja nimeiona ikilinda nyumba kwa kunyamaza, ikimchora kijana mpaka kovu la goti, ikimleta mzee toka Yatta kupita matope, na ikimtunza mtoto wa jirani asipotee. Zile kurasa kumi na moja nimezichoma. Gazetini nitapeleka haya yafuatayo tu, na Gerishon, niliyemsomea leo baada ya ibada, ametia jina lake chini ya langu.

Kwenu wakalimani wa Thika, makarani wa Ruiru, na ninyi walimu mnaowachapa watoto kwa kusema lugha ya mama zao darasani: siku mama atakaposimama mbele yenu akashindwa kulitaja jina, msiandike kwamba hajui. Wekeni kalamu chini. Mwulizeni, kwa lugha aliyowajia nayo, humwita mwanawe nani akiwa nyumbani. Kisha nyamazeni, mngoje jibu lote lifike, hata kama linakuja kwa miguu. Na leo, kabla jua halijatua, kila mmoja wenu ambaye mama yake yu hai aende akamwulize swali hilo hilo juu yake mwenyewe.